Weupe wa Pembeni

Mjomba wangu aliitwa Rula hata na watu wasiojua anafanya kazi gani. Fundi viatu wa kona yetu hakuwahi kukanyaga kazini kwake, lakini alimwita Mzee Rula, kwa sababu mfuko wa shati lake haukukosa rula fupi ya chuma iliyofutika namba za mwanzo. Mama alishachoka kuishonea upya mifuko ile.

"Kaka," alimwambia, "wanaume wenzako wanatembea na kalamu, wewe unatembea na kisu cha kukatia mashati ninayokushonea."

"Kalamu inaweza kuandika uongo, mdogo wangu. Rula haijawahi."

Alikuja kukaa kwetu baada ya mkewe kufariki. Alipewa chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazamana na ukuta wa jirani, akasema kinamfaa kwa kuwa ukuta hauna maswali. Sisi tulikuwa wawili tu, Mama na mimi. Nyumba ya watu wawili ikiongezwa mmoja inapata makelele kuliko hesabu yake. Mama na Mjomba walitaniana tangu chai ya asubuhi mpaka taa inapozimwa, na mimi nilikaa kwenye kigoda changu karibu na cherehani nikiwasikiliza.

Nikiwaambia watu kwamba mjomba wangu alikuwa na kazi ya kuchagua ukubwa wa mistari, hunitazama kama niliyesema alikuwa anapaka upepo rangi. Lakini kazi yenyewe ipo. Ile mistari myeusi, mingine minene mingine myembamba, inayokaa chini ya jina lako kwenye bahasha ya bili au kadi ya hospitali, ndiyo barkodi, na pale kazini kwao waliita mistari tu. Kampuni ikiwa na barua nyingi za kutuma kwa mkupuo, posta haizipangi kwa mkono. Kuna mashine inayozimeza moja moja, inasoma mistari, inajua hii ni ya mtaa gani, inaitupa kwenye trei yake. Mistari ikisomeka, mzigo unakwenda. Isiposomeka, mashine inautema, na mzigo wote unarudi ulikotoka kama mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa sare.

Kazi hiyo ilifanyika kwenye chumba cha nyuma cha duka la uchapaji, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Palikuwa na meza ndefu iliyofunikwa plastiki, trei za posta zimepangana hadi dirishani, mipira ya kufungia imening'inizwa kwenye msumari, na printa ya lebo iliyonung'unika kama mpangaji anayedaiwa. Bosi, mwenye duka, alipanda na kushuka ngazi simu ikiwa sikioni, na sijawahi kumwona ameketi. Kwenye kompyuta alikaa mama mmoja wa umri wa Mama, aliyeitwa Bi Gundi, kwa sababu alianza kazi zamani kwa kubandika stempu na vidole vyake havikuwahi kusafika vizuri. Kila alichokijua kuhusu mistari alifundishwa na Mjomba. Mimi shule niliiacha mapema, lakini habari za mistari nazielewa, maana nilikuwa nampelekea Mjomba chakula cha mchana, naye alikula polepole, huku anahubiri.

"Ukubwa unatoka kwenye bahasha," alisema, kijiko kiko hewani. "Hautoki kwa mtu. Bahasha ndefu ya kawaida, unaweka mia kwa mia. Kadi ndogo, unateremka mpaka themanini. Mfuko mkubwa wa majarida, unapanda mpaka mia na ishirini. Ukipunguza mno, wino unavimba, mistari inashikana kama tambi zilizolala. Ukikuza mno, inakula weupe."

Weupe ndio uliokuwa mahubiri yake makubwa. Ni ile nafasi tupu inayobaki kushoto na kulia mwa mistari. Mtu mwingine angeona karatasi tupu, lakini Mjomba aliona mlango.

"Mtu akiingia kwako akaanza kuongea bila kubisha, si utashtuka hata usisikie anasema nini? Basi weupe ndio hodi. Mashine isipopigiwa hodi, haisikii."

"Na karibu iko wapi, Mzee Rula?" Bi Gundi alimchokoza kutoka kwenye kompyuta.

"Karibu ni trei ikienda isirudi."

Ujana wake wote aliumalizia posta, enzi za kupanga barua kwa mkono. Alisimama mbele ya ukuta wa visanduku vidogo, mtaa mmoja kisanduku kimoja, akirusha barua bila kutazama, kama mtu anayelisha kuku. Alijua hati za watu. Alijua nani anaandika akiwa na hasira kwa jinsi kalamu ilivyokandamiza karatasi. Kisha siku moja mashine ikaletwa imefunikwa turubai, na wenzake wakaanza kuilaani kabla haijafunuliwa. Yeye alikwenda kusimama nyuma ya mafundi, akawauliza inapenda nini na inachukia nini. Wenzake walipopunguzwa kazini, naye alipunguzwa, ila yeye aliondoka akiwa na elimu ya mashine kichwani, na Bosi akamchukua.

"Mashine ni kama mkwe," alituambia. "Haitaki uipende. Inataka uiheshimu, na usiipelekee zawadi iliyochanika."

Hivi ndivyo alivyokuwa, mtu wa maneno mengi na kosa hakuna. Ndiyo maana lililotokea tulichelewa kuliona.

Lilianzia mlangoni. Mjomba alianza kugonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango wa sebuleni.

"Nani kausogeza mlango huu?"

"Mlango huo uko hapo tangu kabla hujaja na magodoro yako," Mama akamjibu. "Wewe ndiye uliyenenepa."

Tukacheka. Baadaye ikawa kikombe. Mama anaweka chai mkono wa kushoto, Mjomba anauliza chai iko wapi. Mara ya kwanza alimwonyesha. Kisha akaacha kumwonyesha, akawa anakishika kikombe na kumtia mkononi moja kwa moja, huku anaongea jambo lingine, bei ya vitambaa au mbwa wa jirani, ili tendo lenyewe lisionekane. Mama ana mikono ya namna hiyo, inayofanya kitu bila kukitangaza.

Halafu ikaja malalamiko ya fundi viatu. Kibanda chake kiko upande mmoja wa njia, na Mjomba hupita hapo kwenda na kurudi.

"Mwambie mjomba wako," aliniita siku moja, msumari kinywani, "asubuhi namwamkia ananinunia, jioni ananichekea na kuniuliza habari za watoto. Ana wake wawili huyu, mmoja wa kumtibua na mwingine wa kumtuliza?"

Nilipomfikishia Mama, hakucheka. Aliuliza tu kibanda kile kiko upande gani mtu akitokea nyumbani. Nikafikiri, nikasema kushoto. Akirudi jioni kinakuwa kulia. Mama akaendelea kupiga mshono, lakini uzi ulikuwa umekatika kwenye sindano na yeye bado anakanyaga cherehani.

Jioni hiyo alimkabili, kwa njia yake.

"Kaka, ile hospitali ya macho wanapima bure wiki hii. Twende wote, na mimi sindano siku hizi inanikwepa."

"Wewe nenda. Mimi macho yangu yanapimwa kila siku."

"Na nani?"

"Na posta." Alijinyoosha kwenye kiti, akaipiga rula kwenye goti. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nachagua ukubwa wa mistari kwa jicho. Jicho likiwa bovu, nitakosea. Nikikosea, mashine itatema. Je, imewahi kutema? Muulize Bosi. Muulize Bi Gundi. Hakuna trei hata moja iliyorudi. Binadamu anaweza kunionea haya akanidanganya. Mashine haina haya."

Mama akarudi kwenye cherehani, kwa sababu hoja ilikuwa nzito. Nami niliiona nzito. Trei kweli hazikuwa zinarudi.

Aliomba tena mara nyingine, baada ya Mjomba kuangusha sufuria lililokuwa mbele yake kabisa, ila pembeni kidogo. Jibu likawa lilelile: zimerudi? Mpaka likageuka kuwa utani wa nyumba. Mama akisema chumvi imezidi, anajibiwa, "Imerudi posta?" Nikichelewa sokoni, "Mashine imekutema?" Tulilichezea neno lile bila kujua tunachezea nini.

Basi ikafika siku Bi Gundi akapata mjukuu. Binti yake alijifungua mbali, naye akaomba ruhusa akamhudumie. Bosi akamtoa kijana wa kaunta ya mbele, mwepesi wa kompyuta, akae mahali pake kwa muda. Na kazi iliyoingia wiki hiyo ilikuwa ya idara ya maji. Walikuwa wanabadilisha mabomba ya mitaa yote ya upande wetu, maji yangekatwa, kwa hiyo kila nyumba itumiwe kadi ndogo ya kuwaambia watu waweke akiba.

Yaliyotokea mezani, kijana yule alituhadithia mwenyewe baadaye, akitazama viatu vyake. Mjomba aliiweka kadi ya mfano mbele ya uso wake, akaitazama katikati kwa utulivu, akasema, "Mia na ishirini."

"Kwenye kadi ndogo hivi, Mzee?"

"Umeletwa kuuliza au kubonyeza?"

Kijana akabonyeza.

Siku maji yalipokatika, Mama alikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Bomba likakohoa, likatema matone ya kutu, likanyamaza. Nje ukaanza mgongano wa ndoo tupu. Mama mmoja wa jirani, mwenye kichwa kilichojaa povu, alisimama katikati ya njia akiwalaani watu wa maji na ukoo wao. Hakuna nyumba iliyokuwa na akiba hata ya kunawia uso.

"Hawana hata adabu ya kusema!" Mama akapiga kelele dirishani.

Mjomba alikuwa anafunga kamba za viatu. "Wamesema," alijibu. "Taarifa imetumwa kila nyumba. Mimi mwenyewe nimeipitisha."

"Yetu iko wapi?"

"Posta labda wamechelewa." Lakini alisimama, kiatu kimoja hakijafungwa.

Mchana nilipopeleka chakula, nilimkuta karani wa posta juu ya ngazi, ameegemea toroli. Trei zilikuwa zimerudi. Zilijaa meza nzima, zikafika sakafuni, kadi zote za mtaa wetu na mitaa ya jirani.

"Imezitema," karani alisema. "Zote. Tulijaribu kuzipitisha tena, ikakataa. Nikasema haiwezekani, hii ni kazi ya Mzee Rula."

Mjomba aliichukua kadi moja. Mistari ilikuwa imelala juu yake kama mtu mzima kwenye kitanda cha mtoto, miguu nje, kichwa nje. Upande wa kushoto mstari wa kwanza ulikuwa umekatwa na ukingo wa karatasi. Weupe haukuwepo kabisa. Aliitazama akasema, "Mbona ni safi?" Kisha akatoa rula. Akapima kwa kidole gumba, si kwa jicho, akitelezesha ukucha kutoka mwisho wa mistari kutafuta ukingo. Ukucha ukaanguka hewani palepale. Akapima tena.

"Hii siyo yangu," alisema.

"Ni yako, Mzee," kijana akasema kwa sauti ndogo. "Ulisema mia na ishirini."

Bosi, simu bado sikioni, alisema tu, "Miaka yote hii," na kwa mara ya kwanza nikamwona anaketi.

Mjomba hakula. Nilirudi na vyombo vizito, na nyumbani usiku ule hakuna aliyetania mtu.

Bi Gundi alirudi kutoka kwa mjukuu, akapata habari, akaja kwetu kabla hata hajakwenda kwake, begi bado mkononi. Mama akamkaribisha kiti. Mimi nilikuwa naandaa chai pale pale sebuleni, kwenye meza ya pembeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Ana masikio kama ya babu yake." Akajaribu kucheka, ikakataa. "Mzee, nimekuja kukuomba radhi."

"Wewe? Ulikuwa kwa mwanao. Kutokuwepo si kosa."

"Kosa si la kutokuwepo. Kosa ni la nilipokuwepo."

Mjomba akageuza uso mzima kumtazama, maana siku hizo alikuwa anageuza uso mzima.

"Ulikuwa ukisema mia na ishirini," Bi Gundi alisema, "mimi naweka themanini. Ukisema mia, kama bahasha haibebi, nateremsha. Nachapa, nafunga trei, zinakwenda."

"Mara moja moja?"

"Mwanzoni mara moja moja."

"Na mwisho?"

Bi Gundi akatazama begi lake. "Mwisho karibu kila kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu zile kadi za chanjo ya watoto."

Mama akaweka mkono kifuani. "Hizo si za mwaka juzi?"

Maji yalikuwa yamerudi, na bomba la jikoni lilikuwa likidondosha.

"Kwa nini hukuniambia, Bi Gundi?"

"Ningekuambiaje, Mzee? Mbele ya vijana? Wewe ndiye uliyenishika mkono, nilikuwa sijui hata kuwasha kompyuta. Mtu hamsahihishi mzazi wake hadharani."

"Na faraghani?"

"Faraghani ndiyo aibu yenyewe. Hadharani ningeweza kugeuza utani." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilisema amechoka, yatapita. Halafu nikasema amezeeka, nimsitiri. Wallahi nilikuwa nakusitiri, Mzee."

Mjomba aliirudia ile "kusitiri" mara mbili, polepole, kama anayeonja chakula asichokijua.

"Umenisitiri vizuri," alisema. "Umenisitiri mpaka kwa mimi mwenyewe. Dada yangu hapa kila siku ananiambia nenda hospitali, nami namjibu, zimerudi? Nilikuwa naapa kwa mashine. Kumbe nilikuwa naapa kwa mkono wako."

Bi Gundi akalia sasa kwa sauti. Na Mama, badala ya kumbembeleza, akakaa chini karibu naye.

"Usimlaumu peke yake, Kaka. Na mimi."

"Na wewe nini?"

"Kikombe. Hujakitafuta kikombe chako mwaka mzima. Mimi ndiye ninayekutia mkononi."

Mjomba alinyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, akapapasa. Chai yake nilikuwa nimeiweka hapo muda mfupi uliopita. Vidole vilipita nyuma ya kikombe, vikapita mbele yake, vikakigusa. Hakukinyanyua.

"Kosa lile lilikuwa langu," alisema. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. "Trei moja tu ingerudi, moja, mwaka juzi. Ningepata aibu, ningetukana mashine, ningekwenda kupimwa ili niwaonyeshe kwamba mmekosea. Mngenipa kosa langu. Mliligawana nyinyi."

Hospitalini tulikwenda watu watatu. Daktari wa macho alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya kubembeleza. Alimweka Mjomba kidevu kwenye chombo cheupe kama bakuli kubwa, akampa kitufe, akamwambia akiona nukta ya mwanga abonyeze. Sisi tulisimama nyuma. Tuliziona nukta zote. Zikiwaka katikati, kitufe kinalia. Zikiwaka pembeni, kimya. Kushoto kimya, juu kimya, chini kimya. Mama alinishika mkono na kila kimya aliubana zaidi.

"Ni ugonjwa wa presha ya macho," daktari alieleza, karatasi yenye picha iko mezani, duara lenye giza pande zote na uwazi mdogo katikati. "Hauumi. Unaanza pembeni, unaingia ndani taratibu. Katikati panabaki safi, mtu anasoma, anashona, anamtambua mtu, kwa hiyo hashtuki."

"Kwa hiyo weupe umeliwa," Mjomba alisema.

Daktari akadhani anaulizia weupe wa jicho, akaanza kumweleza kuhusu mboni. Mama akamtikisia kichwa kwamba aache.

"Nitarudishiwa?"

"Uliokwenda haurudi, Mzee. Tutaulinda uliobaki. Kuna dawa ya matone, utaitia kila siku, usiruke."

"Na ningekuja mwaka juzi?"

Daktari alizipanga upya kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. "Mngekuja mwaka juzi," alisema, "tungekuwa na zaidi ya kulinda."

Tulitembea kurudi, Mama kushoto kwake, mimi kulia. Tulipofika kwenye duka la magodoro Mjomba akasimama, akatazama juu kwenye madirisha ya kazini.

"Umelisikia neno la yule binti?" alimwambia Mama. "Mngekuja. Ningekwenda. Angeniambia. Kila moja lina nge ndani yake. Ndiyo maana linauma hivi."

Mama alitaka kucheka kwa sababu ulikuwa mzaha, na mzaha wa Mjomba haujawahi kuachwa peke yake nyumbani kwetu. Uliachwa.

Kwenye kona alikwenda mwenyewe mpaka kibandani, akamwambia fundi viatu, "Sikuwa nimekununia. Sikukuona." Fundi akatoa msumari kinywani, akasimama, akampa kiti.

Sasa ukubwa wa mistari anauchagua Bi Gundi. Bosi alimpa Mjomba kazi ya kufunga mipira kwenye trei, asubuhi tu, na anaifanya, bila mahubiri. Wenzake wanasema chumba kimekuwa kikubwa. Matone anayatia mwenyewe, kichwa amekiinua, na nusu yanamwagikia shavuni. Mama hamtii tena kikombe mkononi. Anakiweka mezani, anakaa, anamtazama anavyokitafuta, na sura yake wakati huo mimi naona afadhali nitazame kitu kingine. Juzi alikiangusha.

"Umemwaga, Kaka," Mama akasema.

"Ahsante," akajibu.

Jana alasiri Bi Gundi alipita na kadi ya mfano, kazi ya zahanati, akasema anataka ushauri. Sote tulijua hahitaji. Mjomba akafurahi bila kujificha. Akaipangusa kadi kwenye suruali, akaileta karibu na uso, akaizungusha ili kila ukingo upite katikati ya jicho, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko ile iliyomfanya aitwe Rula. Akaweka rula, akapima kwa ukucha.

"Mia," alisema.

Bi Gundi alinitazama mimi, akamtazama Mama. Mama alikuwa amesimamisha cherehani. Hakuna aliyemsaidia.

"Hapana, Mzee," Bi Gundi alisema, na sauti ilimkatika katikati kama kijana anayebalehe. "Ni kubwa."

"Sema tena."

"Ni kubwa, Mzee. Inakula weupe. Themanini."

Mjomba aliishika kadi ile kwa muda, kidole gumba kiko pale ambapo ukingo unaisha.

"Ulikuwa unaweza kuniambia," alisema. "Kumbe ulikuwa unaweza."

Bi Gundi akainamisha kichwa. Mjomba akamrudishia kadi, akainyoosha mbali kidogo na mahali mkono wa Bi Gundi ulipokuwa, naye Bi Gundi akasogea kuipokea.